Jina la Cate na Foleni ya Printa

Duka la Nzilani, ambaye wateja humwita Mama Muthama kwa jina la mwanawe, liko nyuma ya soko la Kitengela, kati ya kinyozi na mama anayeuza maharagwe ya kuchemsha. Ni dogo, kama chumba cha kulala. Ndani mna kompyuta moja ya mezani, printa moja ya rangi inayotoa pia fotokopi, benchi la wateja, na kalenda ya kanisa ukutani.

Watu wa mtaa huliita saiba. Huja kutoa fotokopi za vitambulisho. Huja kuandikiwa barua za kuomba kazi. Huja kuchapa kadi za harusi na programu za mazishi. Mwanzia, mume wa Nzilani, hufanya kazi ya zamu katika kiwanda kimoja cha Athi River. Akitoka zamu ya usiku hulala kidogo, kisha huja dukani kumsaidia mkewe.

Wote wawili walijifunza kompyuta kwa kutazama wengine. Walijua kufungua faili. Walijua kuandika na kurekebisha maandishi. Walijua kubonyeza mahali palipoandikwa "Print". Karatasi ikitoka, kazi imekwisha. Isipotoka, walibonyeza tena.

"Huyu leo ameamka vibaya," Mwanzia alizoea kusema, akiipiga printa kofi dogo ubavuni.

"Usimpige. Mbembeleze," Nzilani angemjibu.

"Nimbembeleze na nini? Chai?"

Mara nyingi printa iliamka. Wakati mwingine iliamka na kutoa karatasi ya mteja wa jana. Nzilani aliichukua karatasi hiyo na kuutumia upande wake mweupe kuandikia mambo yake. Hakuwahi kujiuliza imetoka wapi.

Alhamisi moja, shule zikiwa zimefungwa, Hiram Njogu aliingia dukani. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. Mama yake alikuwa amefariki wiki iliyopita. Kila mtu sokoni alimjua mama huyo. Aliuza nguo za watoto kwa miaka mingi, na watu walimwita Mama Hiram.

"Pole sana, Hiram," Nzilani alisema. "Mnaendeleaje nyumbani?"

"Tunasukuma tu, Mama Muthama. Mazishi ni kesho, kule shambani Isinya. Niko na programu hapa kwa flashi. Nataka za rangi, kwa ile karatasi ya kung'aa. Mia mbili."

"Kuna mwingine ameisoma?"

"Nimeisoma mimi mpaka macho yanauma. Nyinyi chapeni tu. Nakimbia kutafuta gari la kubeba viti. Jioni nitapitia nizichukue, kamati inazingoja nyumbani."

Akaondoka. Mwanzia aliichomeka flashi, akaifungua programu, akaandika nakala mia mbili, akabonyeza "Print". Printa ilinguruma kidogo, ikanyamaza. Taa yake ya rangi ya chungwa ikaanza kuwaka na kuzima.

"Inataka karatasi," Nzilani alisema. "Zile za kung'aa zimeisha. Wacha nivuke barabara nikanunue. Usiguse kitu."

"Mimi? Siwezi."

Nzilani alipotoka, Mwanzia aliitazama printa. Akaona ni vizuri ikae tayari. Nikiituma kazi sasa, alifikiri, Mama Muthama akirudi na karatasi itaanza mara moja. Akabonyeza. Taa ikabaki ya chungwa. Akabonyeza tena. Akaenda kwa kinyozi kuomba sukari ya chai, akarudi, akaona bado, akabonyeza tena.

Nzilani alirudi na karatasi mikononi akamkuta msichana amesimama mlangoni. Alikuwa Cate.

Cate hakuzaliwa na Mama Hiram. Mama yake mzazi alikuwa mdogo wake Mama Hiram, na alifariki Cate akiwa darasa la pili. Mama Hiram alimchukua na kumlea pamoja na watoto wake. Cate alikua akimwita mama. Katika miezi ya mwisho, ugonjwa ulipozidi, Cate ndiye aliyelala katika chumba kimoja na mgonjwa.

"Anti, Hiram ameleta programu hapa?" Cate aliuliza.

"Ameleta. Kwani kuna nini?"

Cate alimpa simu. "Ameituma kwa grupu ya familia. Soma hapo kwa watoto."

Nzilani akasoma. Watoto wa marehemu: Hiram, Nyawira, Maina. Akasoma tena, polepole.

"Labda wamekuweka kwa wajukuu."

"Nimeangalia kila mahali. Siko."

Nzilani alimwonyesha benchi akae. Cate akabaki amesimama.

"Sikuja kugombana, anti. Lakini shangazi yetu wa Embulbul ameshaandika kwa grupu. Amesema karatasi imesema ukweli. Hii programu watu hawatupi. Wanaiweka kabatini. Miaka kumi ijayo mtu akiuliza Mama Hiram alikuwa na watoto gani, ataenda kuitoa. Mimi sitakuwa hapo."

Nzilani alichukua simu yake akampigia Hiram. Alimweleza.

"Nilitoa ile programu ya baba kwa kabati," Hiram alisema. "Nikaifuata mstari kwa mstari. Majina ya watoto nikayanakili yalivyokuwa. Wakati baba anakufa, Cate alikuwa hajakuja kwetu." Akavuta pumzi. "Mwandike, Mama Muthama. Mwandike baada ya Maina. Na umwambie..."

"Mwambie mwenyewe. Yuko hapa."

Cate alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. "Najua," alisema. "Najua, Hiram. Wewe endelea na viti." Akamrudishia Nzilani simu.

Nzilani alikaa kwenye kompyuta. Aliandika jina la Cate chini ya jina la Maina. Akahifadhi faili. Akaweka karatasi za kung'aa kwenye printa, akabonyeza "Print". Taa ikawa ya kijani. Printa ikaanza kazi.

"Unaona?" Mwanzia alisema. "Alikuwa na njaa tu."

Cate aliichukua karatasi ya kwanza. Akaisoma. Akaiweka mezani, akaichukua ya pili, akaisoma pia.

"Anti, bado siko."

"Haiwezekani. Nimekuandika sasa hivi."

Nzilani alitazama kioo cha kompyuta. Jina la Cate lilikuwepo, wazi kabisa. Alitazama karatasi. Halikuwepo. Akahifadhi faili mara ya pili. Akabonyeza "Print" mara nyingine. Printa iliendelea kutoa karatasi, moja baada ya nyingine, zote zikiwa na watoto watatu.

"Izime," Nzilani alisema.

Mwanzia aliizima printa. Walingoja. Akaiwasha. Ikajisafisha kwa kelele zake za kawaida, kisha ikaanza tena. Hiram, Nyawira, Maina.

"Hata mashine imekataa kunijua," Cate alisema. Alijaribu kucheka, lakini kicheko hakikutoka vizuri.

Halafu ikatoka karatasi tofauti. Mwanzia aliichukua akaisoma kwa sauti. "Wapangaji wote. Choo si mahali pa kuoshea mazulia. Nimesema mara ya mwisho. Ni mimi, Ouko, msimamizi wa ploti."

"Hiyo ni ya lini?" Nzilani aliuliza.

"Ouko alikuja juzi, stima ikapotea. Akachoka kungoja, akaenda."

Tangazo la choo lilikuwa limechapwa kwenye karatasi ya kung'aa ya mazishi. Lilipendeza. Hakuna aliyecheka. Baada yake, printa ikarudi kwenye programu ya zamani.

Wakati huo Namunyak aliingia. Namunyak ni jirani yao. Ni karani katika shule moja mjini Kajiado, na siku za likizo hukaa Kitengela na watoto wake. Alikuwa amekuja kutoa fotokopi.

"Supa, Mama Muthama," alisalimu kwa Kimaasai.

"Ipa. Lakini leo si ipa sana, dada. Tazama hii printa. Nimebadilisha faili, yenyewe inachapa ya zamani. Tumeizima, tumeiwasha, wapi."

Namunyak aliweka mkoba wake kwenye benchi. Akaitazama printa, akalitazama rundo la karatasi mezani.

"Kwanza toa karatasi zilizobaki kwenye trei," alisema. "Usizime kitu. Toa karatasi tu, isiendelee kula."

Mwanzia akazitoa. Printa ikanyamaza. Taa ya chungwa ikarudi.

"Sasa niambieni. Mlibonyeza mara ngapi kabla ya kuweka karatasi?"

Nzilani alimgeukia mumewe.

"Mara moja," Mwanzia alisema. "Au mbili."

"Tutaona." Namunyak alivuta kiti. Alipeleka mausi chini kabisa upande wa kulia wa kioo, karibu na mahali panapoonyesha saa. Palikuwa na picha ndogo ya printa. "Hii picha mmewahi kuifungua?"

"Huwa tunaiona hapo," Nzilani alisema. "Tulidhani ni pambo."

Namunyak aliibonyeza mara mbili haraka haraka. Kidirisha kikafunguka. Ndani mlikuwa na mistari ya maandishi, mmoja chini ya mwingine.

"Hii ndiyo foleni ya printa. Kila mstari ni kazi moja inayongoja zamu. Hapa kuna jina la faili. Hapa ni kurasa. Hapa ni saa iliyotumwa. Baba Muthama, njoo uone mara yako moja."

Mwanzia alisogea akatazama. Jina la programu lilikuwa limejipanga kutoka juu mpaka chini.

"Huyo si mimi peke yangu," alisema.

"Hii ya mwisho na hii ya juu yake ni za Mama Muthama. Hizi zingine zote ni zako. Na kila moja ni nakala mia mbili."

"Kwa hivyo alitaka Kitengela yote ihudhurie," Nzilani alisema.

Mwanzia alijikuna shingo. "Nilitaka ikae tayari."

"Hukukosea kutaka ikae tayari," Namunyak alisema. "Ila hukujua kwamba ile ya kwanza ilikuwa imeshafika. Printa ikinyamaza, haimaanishi haijasikia. Imesikia, inangoja kitu. Labda karatasi, labda wino, labda kifuniko kimeachwa wazi. Ukibonyeza tena, huiharakishi. Unaongeza kazi nyingine nyuma ya ile."

Cate alikuwa amesogea karibu. "Lakini anti ameniandika," alisema. "Na amehifadhi. Mbona jina halitoki?"

Namunyak alifikiri kidogo. "Wewe huchota maji kwa kioski?"

"Ndiyo."

"Ukiwa na mtungi mchafu, ukaupanga kwa foleni, halafu ukaenda nyumbani ukaosha mtungi mwingine. Ule wa kwa foleni utakuwa safi?"

"Hapana. Utakuwa vile niliuacha."

"Basi ndivyo ilivyo. Ukibonyeza 'Print', kompyuta inachukua karatasi vile ilivyo dakika hiyo na kuipanga kwenye foleni. Ukibadilisha faili baadaye, umebadilisha faili tu. Ile iliyoko kwenye foleni haijui. Jina lako liko kwenye hizi mbili za mwisho. Lakini mbele yake kuna mitungi mingi ya zamani, na printa inakwenda kwa zamu."

"Na tulipoizima?" Nzilani aliuliza.

"Mfereji ukifungwa, mitungi inaenda nyumbani?"

"Haiendi."

"Foleni iko kwenye kompyuta. Mlizima printa, lakini foleni ilibaki. Mlipoiwasha, ikaendelea pale ilipoachia. Hata kazi ya Ouko ilikuwa imekwama kwenye foleni tangu stima ilipopotea juzi, na mlipoiwasha printa ikaamka. Aliondoka yeye, mtungi wake ukabaki."

Nzilani alikumbuka karatasi zote za wateja wa jana alizowahi kuziandikia upande wa pili. Barua za watu. Nambari za vitambulisho.

"Tunazitoaje?" aliuliza.

"Kaa wewe hapa. Mkono wako ujifunze."

Namunyak aliondoka kwenye kiti, Nzilani akakaa.

"Weka mausi juu ya kazi ya kwanza. Bonyeza kitufe cha kulia. Umeona maneno? Tafuta 'Cancel'. Hilo linafuta kazi moja. Litumie kama kuna kazi ya mteja mwingine ambayo unataka ibaki. Leo hatutaki hata moja. Kwa hivyo nenda juu kwenye neno 'Printer', ufungue, uchague ile ya kufuta zote."

Nzilani alifanya hivyo polepole. Kompyuta ikamuuliza kama ana hakika. Akakubali. Mistari ikaanza kutoweka, mmoja mmoja. Mmoja ukabaki. Kando yake paliandikwa kwamba unafutwa, lakini haukuondoka.

"Huu umekwama," Mwanzia alisema.

"Hutokea, kama kazi ilikuwa katikati ya kuchapwa. Usiupiganie. Zima printa. Funga kompyuta vizuri, uiwashe upya. Kompyuta ikishaamka ndipo uwashe printa."

Walifanya hivyo. Kompyuta ilipowaka, Nzilani aliifungua tena ile picha ndogo mwenyewe. Kidirisha kilikuwa kitupu.

"Nani alikufundisha haya yote?" Cate alimuuliza Namunyak.

"Hakuna. Pale shuleni nilikuwa nafungua kila kidirisha nikisoma kinasema nini. Nisipoelewa, naandika neno, namuuliza mtu baadaye. Inachukua muda, lakini inaingia." Akamgeukia Nzilani. "Sasa fungua programu. Kabla ya kubonyeza, tazama kwanza vile itatoka."

Nzilani alifungua ukurasa wa kuchapa. Upande mmoja wa kioo palikuwa na picha ya karatasi yenyewe. Jina la Cate lilikuwepo.

"Jina la printa ni hii yetu?"

"Ndiyo."

"Saizi ya karatasi ni A4?"

"Ndiyo."

"Nakala?"

"Mia mbili."

"Andika moja."

"Moja? Hiram anarudi jioni."

"Ndiyo maana uandike moja. Ukikosea, umekosea moja."

Nzilani aliandika moja. Aliweka karatasi kwenye trei, akabonyeza mara moja tu, akaondoa mkono kwenye mausi na kuuweka magotini. Printa ilichapa upande wa mbele, ikaivuta karatasi ndani, ikachapa upande wa nyuma. Cate aliichukua na kuikunja katikati kama inavyokunjwa. Akaifungua. Picha ya Mama Hiram nje ilikuwa sawa. Maandishi ya ndani yalikuwa yamesimama kwa kichwa.

"Imepinduka," Cate alisema.

Mwanzia aliangua kicheko, akajizuia. "Pole. Nimewaza kama zingetoka mia mbili hivi."

"Karatasi yetu imelala," Namunyak alieleza. "Upande wake mfupi ni huu wa kando, pale unapofungulia kama kitabu. Tulipoiwasha upya, kompyuta imerudi kuigeuza kwa upande mrefu, kama kalenda ya ukutani. Rudi pale paliposemwa pande mbili. Chagua igeuzwe kwa upande mfupi."

Nzilani alichagua. Akachapa moja tena. Cate aliikunja, akaifungua. Safari hii maandishi yalikuwa yamesimama vizuri.

"Isome yote," Nzilani alimwambia. "Usisome jina lako tu. Kila kitu."

Cate alikaa kwenye benchi. Alisoma tarehe ya kuzaliwa, nyimbo, na historia ya marehemu. Alifika kwa watoto akasoma kwa sauti ndogo, kama mtu anayejisomea. "Hiram. Nyawira. Maina. Cate." Akaendelea mpaka mwisho. "Iko sawa," alisema.

Walianza kuchapa mafungu madogo madogo, kama Namunyak alivyowashauri. Fungu likitoka, Nzilani alifungua foleni kuona kama imekwisha, kisha akatuma lingine. Namunyak alitoa fotokopi zake katikati ya mafungu hayo, akaaga. Cate na Mwanzia walikunja karatasi. Kazi ilikwenda vizuri mpaka karatasi za kung'aa zikaisha. Rundo lile la makosa lilikuwa limekula nyingi, na duka la ng'ambo halikuwa na zaidi.

Hiram alirudi jioni. Aliziona programu zilizokunjwa zikiwa zimepangwa upande mmoja wa meza. Upande wa pili aliliona rundo lingine.

"Na hizi?"

"Hizo ni za zamani," Nzilani alisema. "Zilitoka kwa makosa. Makosa ni yetu, hutalipia. Lakini karatasi ya kung'aa imekwisha kabla zako hazijatimia."

Hiram alilichukua rundo lile, akalipitisha kidole ubavuni. Alikuwa mtu aliyechoka. "Si tuzitumie tu? Hizi nzuri tuwape wa mbele. Hizi zingine wapewe wale wa nyuma. Watu wa Rongai, wa Laiser Hill. Hao hata hawamjui Cate."

Mwanzia aliacha kukunja. Cate alikuwa akitazama nje, kwa mama wa maharagwe.

Nzilani hakuwa mtu wa kuingilia mambo ya familia za watu. Alinyoosha karatasi moja iliyokuwa imekunjwa vibaya. Kisha akauliza, kwa sauti yake ya kawaida, "Kama hawamjui, Hiram, watamjulia wapi?"

Hiram aliifungua programu moja ya zamani. Akaisoma pale pa watoto. Halafu akaichukua moja mpya, akaisoma pia. Alizishika zote mbili kwa muda.

"Hapa kuna karatasi ya kawaida?" aliuliza.

"Iko nyingi."

"Hizo zilizobaki zichapwe kwa hiyo. Wa mbele wapewe za kawaida. Ni watu wa nyumbani, hawatauliza." Kisha akaligawanya lile rundo la makosa, akampa Cate nusu. "Tusaidiane kupasua."

"Zote?" Cate aliuliza.

"Zote. Isibaki hata moja ya shangazi."

Cate alicheka. Wakakaa kwenye benchi, wakazipasua, huku printa ikichapa nyuma yao.

Siku ya pili Nzilani alifunga duka akaenda Isinya. Upepo ulikuwa mwingi, na watu walishikilia programu zao kwa mikono miwili. Zilikuwepo za kung'aa na zisizong'aa. Hakuna aliyelalamika. Mazishi yalipofika wakati wa maua, mwongoza shughuli alifungua programu yake akaita watoto wa marehemu, mmoja mmoja, kama walivyoandikwa. Hiram alikwenda akaweka ua lake. Nyawira akafuata. Maina akafuata. Mwongoza shughuli akaita, "Cate."

Cate alitoka kati ya ndugu zake, akapita mbele ya watu, akainama, akaweka ua. Hakuna aliyenong'ona. Hakuna aliyenyoosha shingo kutazama ni nani. Walikuwa wameshasoma. Mwongoza shughuli akageuza ukurasa akaita wajukuu.

Tangu siku hiyo mambo ya dukani yalibadilika. Asubuhi, kabla ya mteja wa kwanza, Nzilani hufungua foleni ya printa aone kama kuna kazi iliyolala. Ikiwepo, humpigia mwenyewe simu au huifuta. Karatasi ya mteja ikitoka bila mwenyewe, haiandikiwi tena upande wa pili. Inapasuliwa. Printa ikinyamaza, hutazama taa, trei, wino, na foleni. Kubonyeza tena ndilo jambo la mwisho. Kazi kubwa huanza na nakala moja, na nakala hiyo husomwa na mwenye kazi akiwa amekaa.

Mwanzia ndiye aliyechukua muda kuzoea. Siku moja mteja alimwambia, "Boss, bonyeza tena, imelala." Mkono wa Mwanzia ulikwenda kwenye mausi wenyewe. Akausimamisha njiani. Akafungua kidirisha, akatazama, kisha akainuka kuangalia trei.

"Haijalala," alimwambia mteja. "Karatasi imekunjika hapa ndani. Ngoja niitoe."

Wiki mbili baada ya mazishi, Cate alikuja dukani.

"Anti, ile programu bado iko kwa kompyuta?"

"Iko. Umepoteza yako?"

"Shangazi wa Embulbul alikuja nyumbani jana. Yeye siku ile alichelewa, akakosa. Akaniuliza kama niko na ya ziada. Nikampa yangu."

"Akasema nini?"

"Aliisoma yote akiwa amesimama. Halafu akaikunja, akaiweka kwa mkoba. Akaniuliza kama nimekula."

Nzilani alifungua foleni. Ilikuwa tupu. Akafungua faili, akaitazama kwenye kioo, akaandika moja, akabonyeza mara moja. Karatasi ya kung'aa ikatoka upande mmoja, ikaingia ndani, ikatoka yote.

Cate aliinama mbele ya printa, mikono ikiwa tayari. "Hiyo ndiyo yote? Hakuna nyingine inakuja?"

"Hakuna nyingine," Nzilani alisema. "Ichukue. Wino bado haujakauka, usiishike katikati."